The Apartment: ufunguo mmoja, kioo kilichopasuka na neno la daktari

Mtu akiniuliza aanze na filamu gani ya zamani ya Hollywood, ile ya mapenzi na vichekesho, humtajia The Apartment ya mwaka 1960. Mara nyingi hunirudia baada ya siku mbili na swali moja: hiki kweli ni kichekesho? Ana haki ya kuuliza. Ndani yake kuna msichana anayemeza vidonge vya usingizi usiku wa kuamkia Krismasi, akitaka kufa. Kuna mabosi wenye wake zao wanaopokezana kitanda cha karani. Na huyo tunayetakiwa kumpenda, ukimtazama bila huruma, ni kijana anayepanda cheo kwa kuwapa wakubwa zake chumba cha kufanyia uzinzi. Hata hivyo utacheka, tena sana, na mwishoni utatamani kijana yule na msichana yule waachwe pamoja kwa amani.

Hilo linawezekanaje? Na je, filamu inastahili sifa zote inazopewa? Nimeitazama mara nyingi kiasi cha kuanza kugombana nayo, na naamini ugomvi huo ndio njia nzuri ya kuieleza. Nitasimulia hadi mwisho, kwa hiyo anayependa kushtukizwa aitazame kwanza. Ni saa mbili na dakika tano.

Inaanza kwa hesabu. C.C. Baxter, anayechezwa na Jack Lemmon, anajitambulisha kwa sauti tu, huku tukiliona jiji la New York kutoka juu. Anatuambia kwamba tarehe 1 Novemba 1959 jiji lilikuwa na watu 8,042,783, na kwamba ukiwalaza wote chini, kichwa cha huyu kwenye nyayo za yule, mstari utatoka Times Square hadi viungani mwa Karachi, Pakistan. Anayajua hayo kwa sababu ni karani wa bima, na bima ni kuhesabu watu. Kampuni yake ina wafanyakazi 31,259. Yeye yuko ghorofa ya 19, meza namba 861, na mshahara unaomfikia mkononi ni dola 94.70 kwa wiki. Yaani kabla hatujauona uso wake vizuri tumekwisha kupewa namba zake zote. Tafadhali zikumbuke namba hizi, kwa maana filamu nzima ni safari ya kutoka kwenye namba hizo hadi kwenye neno moja, na neno lenyewe nitalifikia.

Baxter anaishi peke yake katika fleti ndogo karibu na bustani ya Central Park, ila haingii humo anapotaka. Mabosi wanne wa ofisini, Dobisch, Kirkeby, Vanderhoff na Eichelberger, wamejigawia jioni za kuwapeleka wasichana wao mle, na mwenye nyumba anasubiri nje kwenye baridi mpaka wamalize. Hakukusudia kufika huko. Mwenzake mmoja alikuwa na karamu mjini akahitaji mahali pa kubadilishia nguo, Baxter akampa ufunguo, habari zikaenea. Kijana yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kuombwa na rafiki ufunguo wa geto lake “mara moja tu” ataelewa upesi mambo kama haya yanavyoota mizizi. Kiswahili hata jina kinalo: nyumba ndogo. Ajabu ya hapa ni kwamba mwenye nyumba ndogo ni karani, na wakubwa wanaingia kwa zamu, wanamnywea pombe yake, kisha wanamlipa kwa kumsifia kwenye ripoti za utendaji kazi.

Kisha anajitokeza bosi mkubwa kuliko hao wanne, Sheldrake, mkuu wa idara ya watumishi. Naye anautaka ufunguo. Baxter anampa, anapandishwa cheo, anapata chumba chake cha kazi. Asichojua ni kwamba msichana anayeletwa na Sheldrake ni Fran Kubelik, mwendesha lifti wa jengo lile, yule yule ambaye Baxter humvulia kofia kila asubuhi kwa heshima, na ambaye amempenda kimyakimya.

Hadithi ya namna hii isingepita Hollywood miaka kumi na mitano kabla. Mwongozaji wake, Billy Wilder, aliipata mbegu yake kwenye filamu ya Kiingereza ya David Lean ya mwaka 1945, Brief Encounter, ambamo mtu mmoja anajaribu kukutana na mpenzi wake katika fleti ya rafiki. Wengine wote walivutiwa na wale wapenzi. Wilder alivutiwa na yule rafiki, mtu anayerudi nyumbani na kupanda kitanda ambacho bado kina joto la wengine. Lakini tangu 1934 studio za Marekani zilikuwa chini ya kanuni za maadili zilizobeba jina la Will Hays, na kanuni hizo hazikuruhusu uzinzi uonyeshwe kwa namna ya kuvutia au ya kuhalalishwa. Wilder akaweka wazo lake akiba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kanuni zilikuwa zimelegea, yeye na mwandishi mwenzake I.A.L. Diamond wakakaa wakaandika.

Kungoja huko kuliisaidia hadithi. Kichekesho cha mapenzi cha Hollywood kwa kawaida kinahitaji kizuizi: baba mwenye kiburi, tofauti ya mali, uongo mdogo uliokua. Katika The Apartment kizuizi ni mfumo wa ofisi wenyewe. Wawili hawa hawawezi kufikiana kwa sababu kila mmoja ana kitu ambacho Sheldrake anakitumia: mmoja ana chumba, mwingine ana mwili na moyo. Fran anaieleza hali yao kwa maneno machache, kwamba duniani kuna watu wa kuchukua na watu wa kuchukuliwa, na wanaochukuliwa wanajua kabisa kinachowapata ila hawana la kufanya. Sijui kichekesho kingine cha zama zile kilicholisema jambo hilo waziwazi namna hii bila kusimamisha hadithi ili kuhutubia.

Nguvu kubwa kuliko zote za filamu hii, kwangu mimi, iko kwenye vitu vidogo vya mkononi. Wilder na Diamond wanaviamini vitu kuliko maneno. Nitachukua kimoja tu nikieleze kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo panapoonekana jinsi skripti nzuri inavyofumwa.

Ni kioo kidogo cha poda, kile cha kufungua na kufunga. Asubuhi moja Baxter anakiokota nyumbani kwake, kimepasuka katikati. Anamrudishia Sheldrake ofisini kwa adabu, akijua ni cha mwanamke aliyekuja naye. Sisi watazamaji tunakiona, tunakisahau. Baadaye, kwenye sherehe ya Krismasi ya ofisi, watu wamelewa na wanakumbatiana juu ya meza, na Baxter amenunua kofia mpya ya kumstahili mtu wa cheo chake kipya. Anamwita Fran ndani ya chumba chake cha kazi amwambie kama imemkaa vizuri. Fran, ambaye dakika chache zilizopita ameambiwa na katibu wa Sheldrake kwamba yeye ni mmoja tu katika mlolongo mrefu wa wasichana wa bosi, anampa kioo chake ajitazame. Baxter anakifungua. Anajiona amekatwa vipande viwili.

Hakuna muziki wa kutushtua wala anayepiga kelele. Anasema tu kwamba kioo kimepasuka. Fran anajibu kwamba anajua, na kwamba anakipenda hivyo hivyo, kwa sababu kinamwonyesha vile anavyojisikia ndani. Simu inalia. Ni Sheldrake.

Katika nusu dakika hiyo Baxter amejua kila kitu, Fran hajajua kwamba Baxter amejua, na sisi tunajua yote mawili. Mwandishi mwingine angemleta mtu wa tatu aje aseme siri. Hapa siri imesemwa na mpasuko kwenye kioo, na kofia mpya, ambayo ilikuwa alama ya ushindi, imegeuka kuwa kitu cha kumwaibisha aliyeivaa. Ukitaka kumfundisha mtu maana ya kuonyesha badala ya kusimulia, mkalishe mbele ya tukio hili, hutakuwa na la kuongeza.

Filamu imejaa vitu vya namna hiyo. Raketi ya tenisi inatumika kuchujia tambi, na baada ya Fran kuondoka, utepe mmoja wa tambi uliobaki kwenye nyuzi zake unasema habari zote za upweke. Funguo mbili, wa fleti na wa choo cha wakubwa kazini, zinafanana kiasi kwamba siku moja zitabadilishana nafasi na kubadilisha maisha ya mtu. Ninaweza kuendelea.

Hata ofisi yenyewe ni kitu kinachosema. Msanifu wa seti, Alexandre Trauner, alijenga ukumbi wa meza unaoonekana hauna mwisho. Ukumbi halisi haukuwa mrefu kama unavyoonekana: kadiri unavyokwenda nyuma, meza zinapungua ukubwa, na waliozikalia ni watu wafupi zaidi, hivyo jicho linadanganyika. Mpiga picha Joseph LaShelle akaupiga kwa rangi nyeusi na nyeupe kwenye kioo kipana cha sinema, kile ambacho wengine walikitumia kwa majangwa na vita vya farasi. Upana wote huo ukimwekea mtu mmoja mezani saa za jioni, wenzake wote wameshaondoka, huhitaji kuambiwa kwamba ni mpweke. Trauner na Edward G. Boyle walipata Oscar kwa kazi hiyo, na filamu ikachukua tano kwa jumla, pamoja na ile ya filamu bora. Wilder mwenyewe alitoka na tatu usiku mmoja: za utayarishaji, uongozaji na uandishi.

Kuna jambo la lugha ambalo mtazamaji anayesoma tafsiri chini ya picha hulikosa kabisa, na Kiswahili kinaweza kulibeba vizuri ajabu. Watu wa ofisi ile wana ugonjwa wa kuongea. Kila nomino wanaibandika kiambishi cha kibiashara cha Kiingereza, -wise, kinachomaanisha “kwa upande wa”. Hesabu ziko juu kimalipo, ziko juu kioktoba. Sisi tuna ki- yetu inayofanya kazi ile ile: kikazi, kiafya, kifedha. Baxter ameambukizwa, anaongea kama wao ili awe mmoja wao, na mambo yanapomwendea vibaya anaugeuza msemo wa Kiingereza kwamba ndivyo biskuti inavyomeguka, yaani ndivyo mambo yalivyo: ndivyo yanavyomeguka, kibiskuti. Unacheka, kisha unaona kwamba huyu mtu hata huzuni yake anaisema kwa lugha ya bosi.

Sasa tufike kwenye giza, maana hapo ndipo swali la “hiki kweli ni kichekesho” linapochoma.

Usiku wa kuamkia Krismasi Fran na Sheldrake wako kwenye fleti. Fran amemletea zawadi, sahani ya santuri ya mpiga piano wa mgahawa wa Kichina wanakokutanaga. Sheldrake hana zawadi. Anatoa pochi, anampa noti ya dola 100, anatazama saa asikose treni ya kwenda kwa mke na watoto. Fran anaanza kuvua koti, akisema alidhani kwa kuwa kimeshalipiwa… Fred MacMurray, aliyecheza Sheldrake, alikuwa mwigizaji ambaye watazamaji wa Marekani walimzoea kwa nafasi za mwanamume mwema, na mwaka mmoja kabla alikuwa baba wa familia kwenye filamu ya Disney. Wilder aliutumia wema huo. Sheldrake hapigi kelele wala hatishi mtu, anaongea kwa upole wa mtu anayefunga mkutano. Sikumbuki mwovu mwingine wa sinema aliyenikera kiasi hiki kwa kutazama saa.

Akibaki peke yake, Fran anakuta vidonge vya usingizi bafuni.

Baxter anarudi usiku huo na mwanamke aliyemwokota baa, wote wamelewa, na Wilder anaendelea na kichekesho chake kwa muda mrefu wa kutisha huku sisi tukijua nini kiko chumbani. Halafu anamkuta. Anamkimbilia jirani, Daktari Dreyfuss, ambaye kwa miezi amekuwa akisikia vishindo vya kila usiku kupitia ukutani na anaamini Baxter ni mhuni wa kupita kiasi. Ameshamwomba siku akifa aache mwili wake kwa ajili ya utafiti. Daktari anampigania Fran kwa kahawa na makofi, anamtembeza chumbani usiku kucha. Tukio hili halina mzaha. Linachukua muda wake, na linachosha kama linavyotakiwa kuchosha.

Daktari, akiamini kwamba Baxter ndiye aliyemfikisha msichana huyu hapo, anamkemea kwa neno moja la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki: awe mensch. Baxter hajui maana yake vizuri. Daktari anamfafanulia: binadamu.

Kiingereza hakina neno la asili la kulitafsiri, ndiyo maana inabidi lifafanuliwe ndani ya filamu. Kiswahili hakihitaji ufafanuzi. Tunaposema “yule ni mtu”, hatumaanishi kwamba ana miguu miwili. Tunaposema “huyo si mtu”, kila aliyepo anaelewa kwamba kilichokosekana ni utu. Daktari anamwambia Baxter: kuwa mtu. Ndilo neno nililosema hesabu zote za mwanzo zinaelekea. Kijana wa meza namba 861, mmoja kati ya 31,259, anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kuna kitu cha kuwa ambacho hakina namba wala ghorofa.

Waandishi wa mstari huo hawakuuokota njiani. Wilder alizaliwa 1906 katika mji uliokuwa Austria-Hungaria na leo uko Poland, akawa mwandishi wa habari Vienna na Berlin, na kama Myahudi aliondoka Ujerumani 1933 Hitler aliposhika madaraka. Mama yake aliuawa na Wanazi. Diamond naye alizaliwa Romania akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Mtu aliyetoka huko anapoandika kuhusu watu waliogeuzwa kuwa namba, nadhani tunapaswa kumsikiliza kwa makini, hata anapotuchekesha.

Baxter anaanza kuwa mtu polepole, kwa vitendo. Anaficha wembe wote bafuni. Anamchezesha Fran karata ili asibaki na mawazo yake. Anamsimulia kwamba naye aliwahi kutaka kujiua kwa ajili ya mwanamke, akajipiga risasi ya goti kwa bahati mbaya. Goti lilichukua mwaka kupona, mwanamke alimtoka moyoni kwa wiki tatu, na hadi leo kila Krismasi anamtumia keki ya matunda. Fran anacheka kidogo. Shemeji yake anapofika kumtafuta, Baxter anakubali lawama zote na anapigwa ngumi badala ya Sheldrake. Na mwishoni, Sheldrake anapotaka ufunguo kwa ajili ya kumleta Fran tena usiku wa mwaka mpya, Baxter anamwekea mezani ufunguo wa choo cha wakubwa, akasema anafuata ushauri wa daktari, akaacha kazi.

Hapa wengi hupiga makofi. Mimi pia nilipiga, mara ya kwanza. Lakini kama kipimo cha filamu hii ni utu, basi na yenyewe ipimwe kwa kipimo hicho hicho, na hapo ndipo ninapoanza kugombana nayo.

Fleti ile ilipitiwa na wanawake wengi kabla ya Fran. Wako wapi? Sylvia, rafiki wa Kirkeby, yupo ili tucheke ulevi wake na ukubwa wa sauti yake ngazini. Msichana wa Dobisch yupo ili tucheke jinsi anavyomwigiza Marilyn Monroe, mwigizaji ambaye Wilder alikuwa amemwongoza mara mbili katika miaka iliyotangulia. Kwenye orodha ya wahusika hana hata jina, ameandikwa kwa rangi ya nywele zake. Yule aliyeokotwa baa usiku wa Krismasi anafukuzwa nje kama paka. Wote hawa wamepanda ngazi zile zile, wamelala kitanda kile kile, na bila shaka wameahidiwa mambo yale yale. Filamu inatufundisha kumlilia Fran huku ikitufundisha kuwacheka wenzake, na tofauti pekee iliyopo ni kwamba kamera imekaa na Fran muda mrefu zaidi. Hilo ni kosa la ndani, linaigusa hoja yenyewe. Huwezi kuwakemea mabosi kwa kuwafanya wanawake vitu vya kupita, kisha nawe ukawafanya vichekesho vya kupita.

Baxter naye anasamehewa kwa bei nafuu. Ufunguo haukumuumiza dhamiri hata siku moja mpaka alipojua ulimfungulia mlango Fran. Kilichomuuma kwenye kile kioo, tuseme ukweli, kilikuwa moyo wake. Uso wa Lemmon, mafua yake, dawa yake ya kupuliza puani, tabasamu lake la kuomba radhi kwa kuwepo tu duniani, vyote hivyo vinatufanya tumwone kama mwathirika wakati anapokea faida. Ni uigizaji wa hali ya juu, na hapo hapo ndipo hatari yake ilipo. Hata baada ya Fran kunusurika, Baxter anakwenda ofisini amejiandaa kumwambia Sheldrake kwamba yuko tayari kumtua mzigo wa Bi Kubelik mikononi. Kana kwamba ni faili.

Nikiri kwamba hapa filamu inajua inachofanya. Baxter anapofika, Sheldrake anamtangulia kwa maneno yale yale: ameachana na mke, sasa atamtua Baxter mzigo wa Bi Kubelik. Baxter anasikia sentensi yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa bosi, na sura yake inabadilika. Ni adhabu ya haki na imeandikwa kwa ustadi. Natamani tu angeadhibiwa hivyo kwa ajili ya wale wengine pia.

Lingine linamhusu Fran, na hili huwa nalisema kwa huzuni kwa sababu Shirley MacLaine, aliyecheza Fran, ni roho ya filamu hii. Baxter amepewa ngazi za kupanda: neno la daktari, wembe, ngumi, ufunguo, kuacha kazi. Fran amepewa uso tu. Usiku wa mwaka mpya yuko mgahawani na Sheldrake, na Sheldrake analalamika kwamba Baxter amekataa kutoa ufunguo, hasa kwa ajili yake Fran. Taa zinazimwa, watu wanaimba, taa zinawaka, Fran hayupo kitini. Anakimbia barabarani, kichwa nyuma, anacheka, na ni moja ya picha nzuri kuliko zote ambazo Hollywood imewahi kupiga. Lakini jiulize amefikaje hapo. Siku chache zilizopita alikuwa anataka kufa kwa ajili ya mwanamume huyu aliyemwacha mezani. Mawazo yaliyomtoa kule hadi huku hatukuonyeshwa. MacLaine anayaonyesha yote usoni kwa sekunde chache, na tunamwamini yeye. Skripti imemwachia kazi ambayo ilipaswa kuifanya yenyewe.

Baadhi ya sehemu za katikati zinavutwa kuliko inavyohitajika, hasa zamu za wale mabosi wanne kulalamika baada ya kunyimwa ufunguo. Hilo ni dogo.

Mwisho wenyewe umeandikwa na watu waliojua kazi yao. Fran akiwa kwenye ngazi anasikia mlio kama wa risasi, nasi tunakumbuka goti na bastola, anakimbia akigonga mlango. Baxter anafungua akiwa na chupa ya shampeni inayofurika. Wanakaa kwenye sofa katikati ya masanduku, maana anahama. Anamwambia kwamba anampenda kabisa kabisa. Fran anampa karata: nyamaza, gawa. Hawabusiani. Wapo wanaoona hapo udhaifu, kwamba filamu imekwepa kusema kama Fran anampenda. Mimi naona ni uaminifu. Msichana aliyetoka kwenye vidonge wiki moja iliyopita hawezi kuapa mapenzi, ila anaweza kuketi na mtu asiyemtaka kitu na kumalizia mchezo walioukatiza.

Lakini kila ninapoitazama upya, macho yangu humfuata mwingine: Bi Olsen, katibu wa Sheldrake, aliyechezwa na Edie Adams. Miaka ya nyuma naye alikuwa msichana wa bosi, akaachwa, akabaki kukaa nje ya mlango wake akiwaandalia wengine ahadi. Ni yeye aliyemwambia Fran ukweli kwenye sherehe, kwa ulevi na kwa uchungu, na sehemu ya yaliyomkuta Fran usiku ule inatoka hapo. Sheldrake anamfukuza kazi kwa kosa la kusema. Kabla hajatoka, Bi Olsen anampigia simu mke wa Sheldrake na kumwomba wakutane.

Fuatilia hesabu kutoka hapo. Bila simu hiyo, mke hamfukuzi Sheldrake. Asipofukuzwa, haji kwa Baxter kudai ufunguo kwa ajili ya usiku wa mwaka mpya, Baxter hapati nafasi ya kukataa, Fran hana habari ya kumfanya ainuke kitini. Ukombozi wote wa wale wawili umepita kwenye mikono ya mwanamke ambaye hakuna daktari aliyemkumbusha awe mtu, asiye na mpenzi wa kumkimbilia wala kazi ya kurudia kesho. Alifanya hivyo kwa kisasi, ndiyo, na kwa kuchoka. Filamu inampa dakika chache, kisha inaachana naye kama ilivyoachana na Sylvia, na yule mwenye nywele za rangi ya dhahabu asiye na jina. Hatumwoni tena.